Mti Haujui Baridi, Wajua Kiu



Kipupwe kinapoingia hapa Dodoma, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja katika nyumba nyingi. La kwanza, masweta na mablanketi hutolewa masandukuni. La pili, ndoo ya kumwagilia miti huegemezwa ukutani na haiguswi tena mpaka joto la Septemba. Jambo la kwanza ni la busara. Hilo la pili ndilo linaloua miti yetu, na ndilo ninalotaka tulizungumze Jumapili hii.

Wanaoacha kumwagilia hawafanyi hivyo kwa uvivu. Hoja yao ni kwamba jua si kali, hakuna atokwaye na jasho, na hata sisi wenyewe hatunywi maji mengi. Basi mti nao utataka maji ya nini? Hoja hiyo yaonekana kuwa na akili. Nami niliishika kwa moyo wote katika mwaka wangu wa pili hapa mjini, na nilijifunza ubaya wake kwa gharama ambayo mpaka leo sijaisahau.

MCHUNGWA WA MAMA

Mwaka ule mama yangu alinitembelea kutoka Muheza. Anayeujua mkoa wa Tanga ajua kwamba Muheza na machungwa ni kama Dodoma na zabibu. Mama alisafiri na mche wa mchungwa uliobebeshwa, akiupakata ndani ya basi njia nzima, mizizi yake ikiwa katika kopo la rangi lililotobolewa chini. Tuliupanda mwezi wa Februari, mvua zikinyesha, karibu na dirisha la jikoni. Alipoondoka aliniachia agizo moja tu: “Wakati wa jua usiusahau, mwanangu.”

Nililitii agizo hilo kama nilivyolielewa. Mvua zilipokatika nikawa naumwagilia kila jioni kopo moja la maji. Mwezi wa Juni upepo wa baridi ulipoanza kuvuma, nikaona kwamba wakati wa jua umepita, nikaacha. Katikati ya Julai majani yalianza kujikunja kwa ndani mfano wa mitumbwi midogo, kisha yakapoteza mng’aro, kisha ncha zake zikageuka rangi ya kahawia. Nilisema moyoni kwamba mti wa pwani unateswa na baridi ya bara. Nikatafuta gunia, nikaufunika kila usiku kama mtu afunikavyo mtoto mwenye homa. Ilipofika Agosti nilikwangua gome kwa ukucha, nikakuta ndani kukavu kama ukuni wa jikoni.

Mama hunipigia simu kila Jumapili, na mwisho wa mazungumzo alikuwa haachi kuuliza, “Na mchungwa wangu waendeleaje?” Nami nikajibu, “Haujambo, mama.” Nilijibu hivyo Jumapili tatu mfululizo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja mzee wa Kigogo, jirani yetu, ambaye uani kwake kulikuwa na mlimao, mpera na mkomamanga, yote ikiwa na majani mabichi katika Agosti ile ile. Alikuja, akalitazama gunia langu, akaomba jembe. Alichimba kando ya shina mpaka kina cha kiwiko cha mkono. Udongo ulimwagika kama unga wa mtama; hapakuwa na hata dalili ya unyevu. Akaniambia kwa upole, “Mwanangu, umemfunika mwenye kiu. Mti haujui baridi, wajua kiu.”

KIPUPWE CHA PWANI SI CHA BARA

Baada ya siku ile nilianza kuuliza na kusoma, na nilichokigundua kwanza ni kwamba mama hakunipotosha. Agizo lake lilikuwa sahihi kwa Muheza. Huko mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na hata baada ya masika kwisha, manyunyu hayakosi kupita katika miezi ya baridi. Mti wa Tanga hupata kinywaji kidogo kidogo kutoka mbinguni wakati wote wa kipupwe, na mwenye bustani haoni haja ya kuushughulikia.

Hapa kwetu mambo ni mengine. Dodoma imekaa juu ya uwanda wa kati wa nchi yetu, kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba tunaweza kukaa bila kuona tone la maana. Kwa hiyo kipupwe cha Dodoma si wakati wa mti kupumzika. Ni sehemu ya kwanza ya safari ndefu ya miezi sita au saba bila maji, na msafiri akianza safari ya namna hiyo akiwa na kibuyu kitupu, hafiki.

Ama kuhusu baridi yenyewe, tusiisingizie. Usiku wa Juni na Julai hapa mjini kipimo cha joto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na mchana hupanda mpaka 26 au 27. Baridi hiyo yatosha kumvalisha mtu sweta, lakini haitoshi kuua mchungwa. Huko Hispania na katika jimbo la Florida, Marekani, michungwa hustawi mahali ambapo usiku wa baridi hushuka chini ya hapo kwa mbali sana. Mkosaji wetu ni mwingine.

UPEPO UNAOKAUSHA NGUO

Tazama, ndugu msomaji, kamba ya kuanikia nguo uani kwako katika mwezi wa Julai. Jua si kali, lakini shuka iliyoanikwa asubuhi huwa imekauka kabla ya chakula cha mchana. Tazama pia midomo ya watoto jinsi inavyopasuka, na miguu jinsi inavyopauka hata mama wa nyumba akalazimika kununua mafuta ya kupaka mara mbili zaidi. Kinachofanya hayo yote ni upepo mkavu uvumao kutoka mashariki na kusini-mashariki, ambao hauna unyevu na unautafuta popote ulipo.

Basi upepo huo huo unaoikausha shuka ndio unaonyonya maji kutoka kwenye majani. Kila jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo mti huvitumia kuvuta hewa ya kujitengenezea chakula. Vitundu hivyo vikiwa wazi, maji hutoka kama mvuke. Kadiri hewa ya nje inavyokuwa kavu, ndivyo maji yanavyotoka kwa wingi, na mizizi haina budi kuleta mengine kutoka ardhini. Ni kweli kwamba katika ubaridi mti hutumia maji machache kuliko katika joto la Oktoba. Lakini machache si sawa na hakuna.

Baadhi ya miti inaijua siri hiyo tangu kale. Mbuyu huyaangusha majani yake yote kiangazi kinapofika, ukabaki mtupu, kwa kuwa mti usio na majani haupotezi maji. Mkrismasi wetu wenye maua mekundu nao hupukutisha. Lakini mchungwa, mlimao, mwembe, mpera na mparachichi hukaa na majani yake mwaka mzima. Miti hiyo haina njia ya kufunga duka. Imo kazini Julai kama ilivyo Januari. Hata mzabibu wa Dodoma, ambao hapa kwetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, huandaa mavuno yake ya pili katika miezi hii hii ambayo sisi twaiita ya mapumziko.

Jambo hili si la Dodoma peke yake. Huko Colorado, Marekani, ambako majira ya baridi huleta theluji, kuna wakati theluji hukosekana kwa majuma mengi na upepo mkavu huvuma. Wataalamu wa kilimo wa huko huwahimiza wenye nyumba wamwagilie miti yao mara moja au mbili kwa mwezi kuanzia Oktoba hadi Machi, katika siku ambazo ardhi haikuganda, kiasi cha galoni 10 kwa kila inchi moja ya unene wa shina. Galoni 10 za Kimarekani ni karibu lita 38, yaani pungufu kidogo ya ndoo mbili kubwa. Ikiwa watu wanaotembea juu ya barafu hawausahau mti, sisi wa nyuzi 13 tuna udhuru gani?

MAJI KIASI GANI, NA YAMWAGWE WAPI?

Hapa ndipo lilipokuwa kosa langu la pili, ambalo lilitangulia hata lile la kuacha. Katika mwezi wa Mei nilikuwa nikimwaga kopo moja kila jioni. Methali yetu yasema haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa mti wa Dodoma methali hiyo haifai. Kopo moja hulowesha udongo wa juu kwa kina cha vidole viwili, na kufikia saa nne asubuhi upepo umekwisha kuyachukua maji hayo. Zaidi ya hayo, mizizi huyafuata maji yaliko. Ukiyaweka juu, mizizi itakaa juu, na siku utakaposafiri itaungua.

Kanuni iliyo bora ni kumwagilia mara chache, lakini kwa wingi. Mche wa mwaka wa kwanza au wa pili upewe ndoo moja ya lita 20 kila juma. Mti wa miaka mitatu au minne upewe ndoo tatu hadi nne kila baada ya majuma mawili. Maji yamwagwe polepole, ndoo kwa ndoo, yakipewa nafasi ya kuzama, mpaka yafikie kina cha rula moja ya shule au moja na nusu. Utajuaje kwamba yamefika? Chukua nondo nyembamba uisukume ardhini saa chache baadaye. Katika udongo uliolowa itapita bila shida. Ikigonga pakavu itakataa.

Kabla ya kumwagilia tena, usiutazame mbingu wala kalenda. Chimba kando ya mti kwa kina cha shubiri moja, uchukue udongo uufinye kiganjani. Ukishikana kuwa tonge, subiri. Ukimwagika kati ya vidole, maji yanatakiwa. Udongo mwekundu wa kichanga, ambao mitaa mingi ya mji huu imejengwa juu yake, huyapoteza maji mapema. Udongo mweusi wa mbugani huyashika kwa muda mrefu, na ukizidishiwa huikosesha mizizi hewa ikaoza. Aliye na udongo huo aongeze siku kati ya zamu na zamu.

Mahali pa kumwaga pia pana elimu yake. Aghalabu watu humwaga maji shinani kabisa. Mche mdogo hauna tatizo, kwa kuwa mizizi yake ingali pale pale shimoni ulipopandwa. Lakini kwa mti uliokua, mizizi inywayo iko mbali zaidi, pale kivuli cha matawi kinapoishia saa sita ya mchana. Chimba beseni la udongo kuzunguka mti hadi mpaka huo, na kingo zake ziwe za urefu wa kiganja, maji yasikimbie.

Na kabla ya kumwaga, vunja ule utando mgumu wa juu kwa jembe dogo. Udongo wa nchi hii ukikauka hujifunga. Wazee wa Kongwa hawakosi habari za mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji hata mashine zikashindwa. Mpango ukafutwa mwaka 1951, baada ya fedha nyingi mno kupotea. Kama udongo huo uliyashinda matrekta, hautaifungulia njia ndoo yako bila kusaidiwa.

Baada ya maji kuzama, tandaza majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja kimoja, ili upepo usiuguse udongo. Lakini uache nafasi ya upana wa kiganja kati ya matandazo na shina. Mchwa wa Dodoma hawana mzaha. Hupenda mabua makavu, na wakiyamaliza huhamia kwenye mti dhaifu. Yafunue matandazo kila juma, na ukiona njia za udongo zikipanda shinani, zivunje.

Kwa mwenye mche mmoja au miwili ambaye kazi humweka mbali na nyumbani, kuna njia ya chungu. Nunua sokoni chungu cha udongo kisichopakwa rangi, ukizike mpaka shingoni karibu na mche, ukijaze maji na kukifunika ili mbu wasizaliane ndani. Maji yatapenya kidogo kidogo kwenye kuta zake, na mizizi itakuja kunywa yenyewe.

MAJI YATATOKA WAPI?

Nasikia tayari sauti ya msomaji wa Nkuhungu au Chang’ombe akisema, “Mwandishi huyu atuambia habari za ndoo nne kama kwamba bomba kwake halikauki.” Ndugu yangu, nami naishi kwa mgao kama wewe, na mapipa yangu nayahesabu. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa huvutwa kutoka visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji, na mji umekua kwa kasi kuliko visima. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba watu wa nyumba watangulie, na mti ufuate. Mzazi anayemnyima mtoto maji ya kuoga ili auokoe mlimao amepotea njia.

Lakini hebu tufanye hesabu. Nyumba yenye miche minne inahitaji ndoo nne kwa juma. Kuanzia mwanzo wa Juni hadi mwisho wa Agosti ni majuma 13; hivyo zatakiwa ndoo 52. Sasa tazama maji yanayomwagwa kila siku nyumbani: yale ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo, ya kusuuzia nguo. Nyumba ya watu watano haikosi ndoo moja ya maji hayo kwa siku. Kwa siku 92 za miezi hiyo mitatu, ni ndoo 92. Miche minne itakunywa ndoo 52 tu, na nyingine 40 zitabaki kwa bogenvilia na miwaridi. Hakuna hata tone moja litakalotolewa katika pipa la kunywa.

Yapo masharti machache. Maji yenye dawa ya kung’arisha nguo yasimwagwe mtini, wala maji yenye chumvi ya chakula au mafuta mengi. Maji ya sabuni nzito yaachwe. Ya suuzo la pili yafaa. Maji hayo ni ya miti na maua, na wala yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

Na wale wanaotumia maji ya visima vyenye chumvichumvi, kama vilivyo vingi katika uwanda huu, wajihadhari na ile desturi ya kopo kwa kopo. Maji yakikauka juu huiacha chumvi pale pale, nayo hujilimbikiza mpaka ukaona weupe juu ya udongo na ncha za majani zikaungua. Maji mengi kwa mara moja huisukuma chumvi chini, mbali na mizizi. Hiyo ni sababu nyingine ya kumwagilia kwa nadra na kwa kina.

MAMBO MACHACHE YA KUEPUKA

Usimwagilie usiku. Ngoja mpaka saa tatu asubuhi, ardhi ikianza kupata joto, na uyaelekeze maji udongoni, usiyarushe majanini, kwa kuwa jani linalolala na maji katika ubaridi hukaribisha ukungu.

Usiweke mbolea ya chumvichumvi katika mti wenye kiu, wala usikate matawi mengi wakati huu. Mbolea bila maji huunguza mizizi, na kukata matawi huuamsha mti utoe machipukizi mororo ambayo upepo utayakausha.

Usimwagilie kila mti kwa kipimo kimoja. Msanapichi uliokwisha kupukutisha majani uache ulale. Ukiulazimisha kunywa utaoza. Mwarobaini mkubwa wa barabarani wajitegemea. Na mwembe mkubwa unaozaa una desturi yake: ukame na ubaridi wa miezi hii ndivyo vinavyouchochea kutoa maua. Usiupe maji kabla ya wakati. Ngoja mpaka maua yafunge na uone maembe madogo kama punje za harage, ndipo uuletee ndoo zako. Huruma isiyo na maarifa yaweza kukukosesha maembe.

Mwisho, kinga mche mdogo upande wa upepo. Uzio mfupi wa mabua ya mtama au viroba vilivyopasuliwa, uliosimamishwa upande wa mashariki na kusini, utaufaa kuliko lile gunia nililoufunikia mti wangu.

NYUMBA YA KUPANGA

Yupo atakayesema, “Nyumba si yangu, kodi yangu inakwisha Desemba, mti wa nini?” Swali hilo nalisikia mara nyingi, kwa kuwa wengi wetu tulikuja hapa kwa uhamisho, hasa tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi. Lakini tujiulize: ni nani aliyepanda mwarobaini tunaoegemea tukisubiri daladala? Tangu mwaka 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu, na ramani kuu ya mji ilipochorwa mwaka 1976 kwa nia ya kujenga mji wenye bustani, watu walipanda na kumwagilia. Wengi wao walikwisha kuhamishwa au kustaafu kabla ya kivuli kukamilika. Sisi twakaa chini yake.

Mwaka 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na tangu hapo kila msimu wa mvua twaona miche ikigawiwa na kupandwa mashuleni, maofisini na majumbani. Hilo ni jambo jema. Lakini mti hauhesabiwi Januari, siku ya kupandwa, wakati kila kitu ni kijani hata magugu. Uhesabiwe Agosti. Pita mtaani kwako mwezi huo uone ni vijiti vingapi vimesimama katika mashimo, vimezungushiwa uzio mzuri, navyo vimekufa. Vingi kati ya hivyo havikuuawa na mbuzi. Viliuawa na sisi wenye sweta.

Wazazi, shule hufungwa mwezi wa Juni. Mpe kila mtoto mti wake mmoja na ndoo moja kwa juma. Mtoto atajifunza kupima udongo kwa kiganja kabla hajajifunza kulalamika kwamba likizo haina kazi.

SHIMO LILILOBAKI WAZI

Nimalizie deni langu. Jumapili ya nne mama aliponiuliza, nilimwambia ukweli: mchungwa umekufa, na ulikufa kwa kiu mikononi mwangu. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa nimemdanganya. Alinyamaza kwa muda, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, “Lile shimo umelifukia?” Nikamjibu kwamba lingali wazi. “Basi usilifukie,” akasema, wala hakuongeza neno.

Mvua za Desemba ziliponyesha, kondakta wa basi la Tanga alinipigia simu nikachukue mzigo. Ulikuwa mche mwingine, ndani ya kopo jingine la rangi.

Mche huo sasa unaingia kipupwe chake cha nne. Mwaka jana ulitoa machungwa saba, madogo na yenye ukali kidogo. Mawili nilimpelekea jirani yangu yule mzee, na moja lilisafiri mpaka Muheza kwa basi. Mama alisema kwamba halina utamu wa Muheza, lakini alilila lote.

Basi leo, kabla jua halijatua, chukua jembe dogo, utoke uani, uchimbe shubiri moja kando ya mti wako mchanga kuliko yote, uufinye udongo wake kiganjani. Usiposhikana, maji ya kuoshea vyombo vya leo jioni yasimwagwe mferejini.

Tukutane Jumapili ijayo.